Nilipopata mkate wa binti yangu ndani ya jokofu

Msomaji, kama umewahi kumwona mwanamume mzima ameinama ndani ya jokofu la supamaketi moja pale Westlands, kichwa ndani na miguu nje, akisoma maandishi ya pakiti moja baada ya nyingine hadi vidole vikamfa ganzi, huenda uliyemwona ni mimi. Mlinzi wa duka alinipita mara tatu. Mara ya nne alisimama.

"Mzee, umepoteza nini humo?"

Sikuwa nimepoteza kitu. Nilikuwa nimepata. Mkononi nilishika mkate wa vipande, umeganda ukawa mgumu kama tofali, na juu yake yaliandikwa maneno niliyokuwa nimeyatafuta kwa zaidi ya mwaka mmoja: hauna gluteni.

Binti yetu, kifungua mimba, ana umri wa miaka tisa. Alipofika miaka saba alianza kunyong'onyea. Tumbo lilimfura baada ya kila mlo, leo anaendesha, kesho choo kimefunga, na nguo za mwaka uliotangulia zikawa bado zinamtosha. Hilo la nguo ndilo lililomshtua mama yake. Watoto wa rika lake walikuwa wakibadilisha viatu kila muhula, naye wetu alikuwa na vilevile. Tulimpa dawa za minyoo. Tukampa tena. Zahanati moja ikasema ni ameba, nyingine ikasema ni homa ya matumbo, ya tatu ikasema damu yake ni chache, tumlishe maini na mboga. Kweli damu ilikuwa chache, lakini maini hayakuiongeza hata tone.

Hatimaye daktari mmoja wa watoto aliagiza damu ipimwe kwa namna tofauti, kisha akapitisha mpira mwembamba wenye kamera kinywani mwake hadi kwenye utumbo mdogo na kukata kijipande cha nyama cha kupimwa. Jibu likawa ni siliaki. Katika maradhi haya, kinga ya mwili ikikutana na gluteni huugeukia utumbo wenyewe na kuushambulia. Vile vijinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula hulala, na mtoto anakula lakini mwili haupati kitu. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati unatane na kuvutika. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, na kuigandisha kwenye barafu ndiyo kabisa. Dawa ni kuiepuka maishani.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu," jirani yetu wa Buruburu alituambia. Si kweli. Wahindi wanao, Waarabu wanao, na Wasahrawi wa Sahara Magharibi, Waafrika kama sisi, wamepatikana nao kwa wingi kuliko Wazungu wenyewe. Hata hivyo ni Mzungu aliyegundua chanzo chake, na kisa chake mke wangu hapendi nikisimulie mezani. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa ameanza kuushuku mkate tangu miaka ya 1930. Kisha vita vikaja, na majira ya baridi ya mwaka wa 1944 hadi 1945 nchi ile ikakumbwa na njaa kali. Mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wengine wakikonda, wagonjwa wake wa siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka wa 1950 aliyaandika hayo katika tasnifu yake.

Utasema, basi si ale ugali? Nasi tulisema hivyo. Mahindi, mchele, mtama, wimbi, mihogo, nduma, viazi vitamu, ndizi, maharagwe, vyote havina gluteni. Wiki ya kwanza tulijiona tumeshinda. (Hatukujua kwamba wimbi letu lilisagwa kwenye kinu kilichotoka kusaga unga wa uji uliochanganywa na ngano. Tulijua baadaye, kwa gharama yake.) Lakini mtoto wa mjini hali nyumbani peke yake. Saa nne shuleni ni mkate au mandazi. Siku za kuzaliwa ni keki. Ukizuru watu Jumapili, mwenyeji anakuletea chai na kitu cha ngano kando. Binti yangu alikuwa akiketi pembeni na kiazi kitamu chake kilichofungwa kwa karatasi ya fedha, wenzake wakimuuliza kama kwao hakuna pesa ya mkate.

Na zaidi ya yote kulikuwa na chapati za nyanya yake.

Mama alikuja kutoka mashambani likizo ya Agosti mwaka juzi. Kwetu, chapati za Mama si chakula tu, ni salamu. Alikanda, akasukuma, akaita mjukuu wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto akanitazama mimi kwanza. "Nyanya, mimi sili chapati."

Mama akaweka kifimbo chini. "Nani amekufundisha kukataa chakula cha nyanya yako?"

Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ulizila hizi hadi ukaingia chuoni. Zilikuua?"

Usiku ule nilimkuta binti yangu chooni, amejikunja, jasho linamtoka. Alikuwa amepewa nusu, imekunjwa na sukari ndani, kidogo tu, isiyoweza kumdhuru mtu. Sitaandika hapa maneno niliyomwambia mama yangu mzazi usiku huo. Aliondoka siku mbili kabla ya wakati wake, na kwa miezi kadhaa simu zetu zikawa za kuulizana kuhusu mvua.

Ndivyo hali ilivyokuwa nilipoinama ndani ya lile jokofu. Bei ilinifanya nirudishe mkate mahali pake mara mbili. Ulikuwa mdogo kuliko mkate wetu wa kawaida wa gramu 400, na pesa zake zingenunua mikate ya kawaida kumi na chenji ikabaki. Nilichukua pakiti mbili, nikapanda matatu mbili hadi nyumbani nimezifunga ndani ya gazeti zisiyeyuke.

Baadaye nilijifunza kwa nini mkate huu huuzwa kwenye barafu. Bila gluteni ya kuushikilia, hukauka na kumeguka upesi, na kwa kuwa unatoka ng'ambo, ukiachwa kwenye rafu ungefika tayari ni chenga. Hutolewa kipande kimoja kimoja na kuchomwa hapohapo. Lakini si kwenye tosta ya familia iliyojaa makombo ya ngano, kwani makombo hayo yanatosha kumwangusha mgonjwa. Sisi tulimnunulia kikaango chake, tukakipaka rangi nyekundu kwenye mpini. Pia nilijifunza kukagua pakiti kabla ya kulipa. Ukiona chembe za barafu zimejaa ndani, jua stima ilipotea dukani, mkate ukayeyuka, wakaugandisha tena. Huo ukiula ni kama kutafuna unga wa msumeno.

Asubuhi ya Jumatatu mke wangu alichoma vipande viwili, akapaka siagi, akakata pembe tatu kama mikate ya watoto wengine. Jioni nilimuuliza binti yangu ulikuwa mtamu? Hakujibu swali langu. Alisema, "Baba, leo hakuna mtu aliyeniuliza ninakula nini."

Tangu hapo nimeyazunguka majokofu ya jiji hili kama karani wa sensa. Kila baada ya miezi michache kuna kipya: vitako vya pizza, vipande vya samaki vilivyopakwa chenga za mahindi badala ya mkate, hata keki. Kwenye maduka ya Parklands nimepata mihogo iliyomenywa na kugandishwa, na idli za mchele na dengu. Vitu vingi salama havina maandishi yoyote ya kujisifu: njegere, mahindi, samaki mbichi, kuku asiyetiwa kitu. Na vingi vinavyoonekana salama si salama. Viazi vya chipsi vilivyogandishwa, vingine hunyunyiziwa unga wa ngano ili viwe vikavu vikikaangwa. Soseji nyingi husagwa pamoja na makombo ya mkate. Sambusa usiziguse. Hata mvuje, kile kiungo cha Kihindi, mara nyingi huuzwa umechanganywa na unga wa ngano.

Nilijiona mtaalamu, na hapo ndipo nilipoanguka. Shule ilikuwa na ziara ya Naivasha. Nilinunua baga za mboga zilizogandishwa, juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina ngano. Nilifurahi, nikalipa. Saa nane mwalimu alinipigia simu, mtoto anatapika ndani ya basi. Nilirudi nyumbani nikaichokora pakiti kutoka kwenye pipa la taka. Mstari wa nne, kwa herufi ndogo: shayiri. Kukosa ngano si kukosa gluteni. Kipimo cha Codex Alimentarius, tume ya viwango vya vyakula ya FAO na WHO, ni kwamba chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Pakiti yangu haikuwa imedai hivyo. Mimi ndiye niliyeisomea nilichotaka kusoma.

Usiku huo nilimpigia Mama simu. "Mama, mimi pia nimemlisha."

Alinyamaza kidogo. "Ulimpa nini?"

Nilimweleza. Akanyamaza tena, kisha nikamsikia akicheka polepole, kicheko chake kile cha zamani. "Basi tuko wawili," akasema.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wanafunzi wa vyuo, maana nasikia wako wanaoacha ngano ili wapunguze mwili. Kama tumbo lakusumbua, usiache kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta dalili za mwili kupigana na gluteni, na ukiwa umeshaiacha unaweza kuambiwa huna ugonjwa nawe unao. Na wazazi wa mtoto mwenye siliaki, pamoja na ndugu zake, nao wapimwe, kwa kuwa huenda katika damu ya ukoo. Sisi tulipimwa, na hadi sasa ni yeye peke yake.

Desemba iliyopita Mama alirudi. Siku ya pili aliniambia nimpeleke kwenye hilo duka la barafu. Alivaa koti, akashika toroli kwa mikono miwili. Mkate wa mjukuu wake aliugonga kwa kidole, ukalia ko ko. "Huu ulikufa lini?" akauliza, na alipotajiwa bei akasema kwa pesa hiyo angerudi nyumbani na kuku.

Mama hasomi Kiingereza. Nilimwonyesha ile alama ya suke la ngano lililopigwa mstari ndani ya duara, inayowekwa kwenye pakiti nyingi za Ulaya. Aliitazama, akaizungusha, kisha akaniacha hapo nikisoma mistari yangu midogo. Niliposhtuka alikuwa kwenye jokofu la mwisho, mkono umezama hadi begani. Alitoka na pakiti ambayo mimi, mtaalamu, sikuwa nimewahi kuiona. Ilikuwa na suke lenye mstari. Ndani yake ni unga uliokandwa tayari, wa kutengenezea mikate ya nyama.

"Huu umekandwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukiyeyuka unasukumika?"

Nilimwambia si wa chapati. Aliutia ndani ya toroli.

Jioni aliosha meza mara mbili, akaosha na kifimbo kwa maji ya moto, akaomba kile kikaango chenye mpini mwekundu. Unga ulimsumbua. Kila akiusukuma unapasuka, akiunyanyua unakatika, na zilizofika kikaangoni zilikuwa vipande vipande, kimoja chenye umbo la Ziwa Turkana. Alivikusanya kwenye sahani, akanyunyiza sukari, akamwita mjukuu wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Alikula vinne.

Saa nane za usiku niliamka kunywa maji. Nilimkuta Mama ameketi kwenye kiti cha jikoni, nje ya mlango wa choo, amejifunga leso mabegani, taa imezimwa.

"Nenda ukalale," akaninong'oneza. "Hajaamka."