Chakula cha Mgonjwa wa Figo: Manchester na Otonglo

Katika kitengo cha kusafisha damu ninakofanya kazi hapa Manchester, mgonjwa wa figo huja mara tatu kwa wiki na kukaa kwenye mashine takriban saa nne. Kwetu Otonglo, Kenya, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, mgonjwa anayetegemea bima ya serikali amezoea mara mbili. Ndivyo NHIF ilivyokuwa ikilipia, na tangu SHA ichukue nafasi yake Oktoba 2024, ninaowajua bado wanakwenda mara mbili. Siku ambazo mgonjwa hayuko kwenye mashine, potasiamu, fosforasi na maji hujaa mwilini, na potasiamu ikizidi mno moyo unaweza kusimama ghafla. Kwa hiyo mwenye siku chache za mashine ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mtu wa kumwongoza katika chakula. Kwetu, huyo ndiye anayemkosa.

Jambo hili lilinikaa moyoni kwa sababu ya shangazi yangu. Alipogunduliwa kuwa na ugonjwa, kabla figo hazijashindwa kabisa, aliambiwa apunguze protini. Ulikuwa ushauri sahihi kwa hatua ile. Baadaye akaanza kusafishwa damu, na hakuna aliyemwambia kwamba hesabu imegeuka. Mwongozo wa KDOQI wa mwaka 2020, ulioandaliwa na National Kidney Foundation ya Marekani pamoja na chama cha wataalamu wa lishe wa huko, unasema mtu asiye na kisukari, ambaye ugonjwa umeendelea lakini hajafika kwenye mashine, ale gramu 0.55 hadi 0.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akishaanza mashine, kiwango kinapanda hadi gramu 1.0 au 1.2. Ni karibu mara mbili. Shangazi aliendelea kukwepa samaki, yeye anayekaa mwendo mfupi tu kutoka ufuo wa Usoma, mpaka bangili zikaanza kumtoka mkononi. Karatasi aliyopewa katika hospitali moja ilikuwa fotokopi iliyofifia yenye orodha ndefu ya makatazo, brokoli na stroberi zikiwemo. Omena haikutajwa. Apoth, yaani mrenda, haikutajwa.

Huku Manchester mtaalamu wa lishe wa figo hupita kwenye viti vya wagonjwa akiwa na majibu ya damu mkononi. Huanza na maswali. Jana ulikula nini? Viazi ulivimenya na kuvikata kabla ya kuvichemsha, kisha maji ukayamwaga? Kinywaji umekunywa vikombe vingapi? Lakini nguvu yake haitoki kwake peke yake. Nyuma yake lipo shirika la hisani la Kidney Care UK, lenye mradi uitwao Kidney Kitchen. Mapishi yake hukaguliwa na wataalamu wa lishe ya figo walio chini ya British Dietetic Association, na kila pishi huonyesha limebeba potasiamu, fosforasi na chumvi kiasi gani. Upo pia UK Kidney Association, uliozaliwa mwaka 2021 pale chama cha madaktari wa figo kilipoungana na kile cha wauguzi na wataalamu wengine. Matokeo yake mgonjwa anasikia neno lile lile kwa daktari, kwa muuguzi na kwenye kitabu cha mapishi alichokiweka jikoni. Marekani wamekwenda mbali zaidi: kanuni za serikali zinataka kila kituo cha kusafisha damu kiwe na mtaalamu wa lishe ndani ya timu yake.

Hata hivyo Uingereza nayo ina pengo lake. Mgonjwa kutoka kwetu akiuliza kuhusu ugali na mrenda, vijikaratasi vingi havina jibu. Jibu lilikuwa kwetu muda wote: mwaka 2018 Wizara za Afya na Kilimo za Kenya, zikishirikiana na FAO, zilitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Kenya pamoja na kitabu cha mapishi. Hesabu ya msingi imeshafanywa. Kilichobaki ni mtu wa kuigeuza iwe ushauri wa figo, wa sufuria ya nyumba ya Otonglo.

Na sufuria hiyo ina mengi ya kufurahisha. Chukua mboga za osuga (mnavu) au dek (mgagani). Mama zetu huzichemsha na kumwaga maji ya kwanza ili uchungu upungue. Maji hayo huondoka na sehemu ya potasiamu. Ni kile kile ninachosikia wagonjwa wakifundishwa hapa kuhusu viazi. Baadaye hutiwa maziwa na kupashwa moto siku baada ya siku, na hapo ndipo pa kuangalia, kwa kuwa maziwa huleta potasiamu na fosforasi upya. Apoth haimwagwi maji, kwani utelezi ndio utamu wake, na mara nyingi hutiwa magadi, ambayo yana sodiamu. Omena huliwa mzima na mifupa yake, na fosforasi nyingi imo mifupani. Ngege (tilapia) mbichi aliyetolewa mifupa ni afadhali zaidi. Mtaalamu anayeyajua haya anaweza kumwambia shangazi: osuga endelea nayo, maziwa kijiko tu, magadi acha, apoth kidogo na si kila siku, samaki mbichi rudi kwake. Mgonjwa akiambiwa hivyo anabaki na chakula mezani. Akipewa makatazo matupu hukonda, au huyapuuza yote na kurudia alivyokuwa akila.

Wa kushirikiana wako wapi? Wengi wako kwenye barabara ile ile. Kisian, mbele kidogo ya Otonglo, ipo KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba. Ukiendelea unafika Chuo Kikuu cha Maseno, kinachofundisha lishe. Mjini Kisumu ipo hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo watu bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na ina kitengo cha figo. Taifa lina KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Na tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wamepewa vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari, magonjwa mawili yanayoongoza kwa kuharibu figo. Wao ndio wanaoingia jikoni. Wao ndio wanaojua nani anakunywa manyasi, dawa za mitishamba, kwa siri.

Nyanza, eneo letu, tayari inajua kufanya kazi hivi. Ukimwi uliposhika kasi, mpango wa FACES uliunganisha KEMRI na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, katika kuwatibu wagonjwa. Katika kliniki za Kenya mgonjwa aliyekonda alipimwa na kuandikiwa unga wenye virutubishi kama anavyoandikiwa dawa. Chakula kilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Sioni kwa nini figo zisipate heshima hiyo. Tatizo hili si letu peke yetu: uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya nchi 155 hazina wataalamu wa lishe wa kuwahudumia wagonjwa wa figo. Sisi lakini tuna vipande vyote, na hilo ndilo linaloniuma.

Ninachoomba ni kidogo. Maseno, KNDI na kitengo kimoja cha figo Kisumu waketi pamoja, watoe karatasi moja kwa Dholuo na Kiswahili yenye vyakula vya ufuo wetu, na wahamasishaji waipeleke majumbani. Alhamisi ya pili ya Machi, Siku ya Figo Duniani, ingefaa sana kuizindua.

Nawe uliye ughaibuni kama mimi, ukituma pesa za matibabu piga simu uulize mambo matatu: mgonjwa ana kilo ngapi baada ya mashine, potasiamu yake ya mwisho ilikuwa ngapi, na mtaalamu wake wa lishe ni nani. Ukiambiwa hayupo, usinyamaze. Mwambie daktari wake amwandikie rufaa, na uiandikie idara ya afya ya kaunti.