Chupa Nilizouza Bura

Kwa karibu miaka miwili niliuza vidonge vya antioksidanti hapa Bura, na sikuviuza kwa njaa. Pensheni ya ualimu ilinitosha. Niliviuza kwa sababu niliviamini, na nilijiamini zaidi ya hivyo vidonge. Nilikuwa nimefundisha baiolojia hadi kustaafu, na huku kwetu mwalimu wa baiolojia akisema jambo kuhusu mwili, haulizwi ushahidi.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Seli inapotumia oksijeni kutengeneza nguvu, hubakiza kemikali kali iitwayo supaoksaidi. Kemikali hiyo huweza kuzaa uharibifu wa DNA, na DNA iliyoharibika huweza kuwa chanzo cha saratani. Mwili una vimeng'enya vya kuidhibiti. Cha kwanza, SOD, kilifafanuliwa mwaka 1969 na McCord na Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Jeni za vimeng'enya hivi hazilingani kwa watu wote. Basi aliyerithi kilicho dhaifu, nilisema, ajazie kwa chupa. Na chupa ninazo.

Silaha yangu ilikuwa utafiti wa mwaka 1999 kutoka jimbo la New York. Jeni moja ya SOD, iitwayo SOD2, hutofautiana kwa herufi moja: kimeng'enya cha wengine kina valini mahali fulani, cha wengine kina alanini. Wanawake ambao hawajakoma hedhi, waliorithi alanini kwa baba na kwa mama, walionekana kuwa na hatari ya saratani ya matiti ipatayo mara nne ya wenzao, hasa waliokula mboga na matunda kwa uchache. Nilichapisha muhtasari wake, nikautia kwenye jalada la plastiki, nikautembeza kuanzia stesheni hadi misheni. Kila aliyenisikiliza nilimwambia kwamba chenye alanini ni kimeng'enya kibovu.

Nilisoma kwa haraka ya muuzaji. Chenye alanini ndicho kinachopenya vizuri zaidi ndani ya mitokondria, seli inakotengenezea nguvu. Ndicho chenye nguvu. Yaani waliodhaniwa kuwa hatarini ni wale wenye SOD nyingi zaidi inayofanya kazi! Ufafanuzi mmojawapo ni kwamba SOD haimalizi kazi. Hugeuza supaoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, nayo ina madhara yake mpaka katalesi na glutathioni peroksidasi ziigeuze kuwa maji. Wafanyakazi wa mkonge pale Mwatate wangenielewa mara moja: ukiongeza wakataji bila kuongeza wabebaji, majani yanalundikana shambani. Na hata hatari yenyewe haikusimama. Tafiti zilizofuata, zenye maelfu ya wanawake, hazikuiona kwa ujumla.

Habari za vidonge ndizo zinazonitia aibu zaidi, kwa kuwa zilikwisha kuchapishwa zamani. Ufini ilijaribu antioksidanti ya beta-karotini kwa wanaume wavutaji sigara. Jumla ya waliokuwa katika jaribio ni 29,133. Matokeo yakatoka mwaka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Jaribio jingine huko Marekani likakatizwa Januari 1996 kwa sababu kama hiyo. Mimi nilikuwa na wateja wawili wavutaji, na wote niliwapa chupa zilizoandikwa beta-karotini.

Shemeji yangu, mke wa binamu yangu, alinijia wakati wa mvua za vuli. Alikuwa na kivimbe kwenye titi la kushoto, juu karibu na kwapa. "Hakiumi, shemeji," aliniambia, nami nikafurahi naye, kana kwamba kutouma ni habari njema. Muuguzi yeyote wa zahanati angemwambia kwamba kivimbe kigumu kisichouma ndicho cha kukimbilia hospitali. Mimi nilimtolea jalada langu. Nilimsomea habari za alanini, nikampa chupa mbili, ya pili kwa mkopo, nikamwambia ajipe muda. Alijipa muda mpaka masika yakaisha.

Alipopelekwa Voi, kisha Mombasa, ugonjwa ulikuwa umefika kwenye tezi za kwapa. Siwezi kusema kwamba ulifika huko katika miezi ile. Siwezi kusema haukufika. Amefanyiwa upasuaji, amemaliza dawa za kutiwa mishipani, yupo, anapalilia kunde zake. Nilipomwomba radhi alinijibu, "Shemeji, ulinipa ulichokijua." Nisingeumia hivyo kama angenitukana, maana sikukijua.

Wateja wengine nimewarudishia pesa. Mmoja alikataa, akataka chupa yake. Anasema vidonge vinampa usingizi. Tulibishana mpaka mkewe akaja kuamua, akaamua kwa upande wa mumewe.

Sasa binti wa shemeji anauliza kama naye amerithi. Nimemweleza kwamba herufi ile ya SOD2 haimwambii kitu cha kumfaa. Jeni zenye uzito wa kweli katika saratani ya matiti ni kama BRCA1 na BRCA2, zikiwa zimeharibika, na wanaougua kwa kuzirithi ni sehemu ndogo tu ya wagonjwa. Daktari ndiye atakayepima historia ya ukoo, aseme kama kuna haja ya kupima damu na lini aanze kuchunguzwa matiti. Amekubali nimsindikize. "Lakini baba mdogo," akaniambia, "tukiingia kwa daktari, wewe usizungumze."