Diski Isiyozunguka

Kompyuta yangu ya mezani ilianza kugonga mwezi wa Agosti 2024. Sisemi kukwama, kwa maana kukwama ilikuwa tabia yake tangu mjomba alipoinunua ikiwa imeshatumika. Nasema kugonga: ko-ko-ko, kimya, ko-ko-ko, kama kuku anayedonoa juu ya bati. Nilikuwa nyumbani Goma kwa likizo, nikijaribu kufungua faili moja la sauti ili niendelee kulinukuu. Dakika nne zikapita, faili halikufunguka.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na saa 31 za Kihunde. Nilikuwa nimezirekodi Masisi mwaka 2022: ngano, vitendawili, majina ya mimea, ugomvi wa wazee kuhusu mpaka wa shamba. Sauti inayosikika zaidi humo ni ya mama mzazi wa mama yangu. Wenzangu wa Dar es Salaam watanisamehe nisipomwita bibi, kwa sababu kwetu Kongo bibi ni mke wa mtu. Nyumbani tunamwita koko, neno lililotufikia na Kilingala. Februari 2024, vita vilipofika karibu na Sake, koko aliteremka Goma na godoro moja na sufuria mbili. Tangu siku hiyo mafaili yale hayakuwa tena "data ya utafiti". Ilikuwa sehemu pekee ambapo jogoo wa kijiji kile bado alikuwa anawika.

Mtaniuliza kuhusu nakala. Ndiyo, mimi ndiye niliyesimama darasani mwaka wa pili nikahubiri kwamba data isiyo na nakala tatu haipo. Nakala yangu ya pili ilikuwa kwenye flashi iliyopotea safarini. Ya tatu sikuwahi kuitengeneza.

Nikaifunga kompyuta kwenye kitenge, nikapanda nayo pikipiki hadi Birere. Anayezijua barabara za Goma, zile za mawe ya volkano, ataelewa lilikuwa wazo baya namna gani. Diski ya zamani ni sahani halisi, ngumu na nyororo, inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma bila kuigusa. Kichwa kikiigusa kinakwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Fundi, kijana ambaye sidhani kama alikuwa amenizidi umri, aliiwasha kwa sekunde chache tu, akainamisha sikio kama daktari, akaizima.

"Yaya, hii disque dur iko inakufa. Usiiwashe tena. Tafuta SSD, tutajaribu kuhamisha."

Nilinunua ya gigabaiti 240 kwa dola 28, pesa zilizokuwa za tiketi ya kurudia chuoni. Ni kijibamba chepesi, kidogo kuliko daftari la mfukoni. Ndani yake hakuna kinachozunguka wala kichwa kinachotembea. Data hukaa kama chaji za umeme zilizonaswa ndani ya seli ndogondogo mno, ndiyo maana kutafuta faili hakuhitaji kungoja sahani izunguke.

Nilidhani tungenakili diski nzima kwa mkupuo, kisha tufunge skrubu twende zetu. Fundi alikataa. Diski inayokufa, alisema, ina pumzi za kuhesabu, usizipoteze kwa kunakili programu ambazo unaweza kuzipata kokote. Nani aliyefunga mizigo upesi usiku asiyeijua kanuni hii? Tulianza na folda ya sauti peke yake, gigabaiti 32, kwa programu iitwayo ddrescue. Hiyo inachukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, inaziruka zilizoharibika, halafu inarudi kuzijaribu tena na tena. Tulikesha usiku mzima. Umeme ulikatika mara mbili, na kila uliporudi programu ilisoma kumbukumbu yake ikaendelea pale ilipoishia. Sijawahi kuipenda programu ya kompyuta kama nilivyoipenda hiyo.

Asubuhi mjomba alikuja kunichukua. Fundi alikuwa bado hajaifunga SSD mahali pake, ikawa juu ya meza. Mjomba akaichukua, akaiweka kwenye kiganja, akaipimapima.

"Ni hii tu?"

Mwaka 2006 mjomba wangu alikuwa mbebaji wa mizigo Bisie, huko Walikale, mlima wa kasiteriti, jiwe linalotoa bati. Alibeba mfuko wa kilo 50 mgongoni, siku mbili msituni hadi Njingala. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami na kuuleta Goma. Sasa Bisie kuna mgodi wa kampuni ulioanza kuzalisha mwaka 2019. Nilimweleza kwamba vijidude vyote vilivyo kwenye ubao wa SSD vimeshikwa na lehemu, na lehemu ya siku hizi karibu yote ni bati. Aliuliza swali la haki: basi ni bati letu? Nikamwambia hakuna awezaye kujua, bati likishayeyushwa halina tena kijiji. Na koltani ya Rubaya, kule kwetu Masisi? Hapo ilibidi niwe mkweli zaidi. Tantali inayotoka kwenye koltani hutengenezewa kapasita. Katika baadhi ya SSD za bei kubwa, hasa za seva, kapasita hizo hutunza umeme kidogo ili diski imalize kuandika umeme unapokatika ghafla. Ya dola 28 kwa kawaida haina kinga hiyo. Mjomba alicheka sana. Kinga dhidi ya umeme kukatika inatoka Rubaya, akasema, ikauzwa kwa watu ambao umeme wao haukatiki.

Usiku huohuo nilikuwa nimejaribu kumtafsiria koko kile nilichonunua, nikashindwa kwa Kihunde na kwa Kiswahili pia. "Kiendeshi cha hali yabisi" lina harufu ya ugonjwa wa magoti. Koko anaijua baridi yabisi vizuri, akanipa pole. Nikasema diski mpya. Lakini diski ni kitu cha duara, na hiki ni cha pembe nne, tena hakizunguki. Basi, garimoshi ni garimoshi hata likienda kwa umeme. Nafikiri hapo wazungumzaji wako sahihi na kamati zetu za istilahi zina haraka mno: jina hufuata kazi, umbo likibadilika jina linabaki. Fundi na mjomba wote wanasema diski, nami nimeandika diski katika kichwa cha makala hii.

Kompyuta sasa inawaka kwa sekunde 20 hivi. ELAN inafungua saa nzima ya sauti kabla sijaketi vizuri. Nimetengeneza nakala mbili nje, moja Goma na moja Dar, kwa sababu SSD nayo, ikiachwa miaka bila umeme, chaji zake huweza kuvuja. Hadithi ya Mwindo, ambayo Rureke aliisimulia kwa Kinyanga huko Walikale mwaka 1956 kwa muda wa siku 12, ilichapishwa na Biebuyck na Mateene mwaka 1969, na karatasi yake haijawahi kuomba umeme.

Mafaili yote yalitoka salama isipokuwa moja. Ni ngano ya msichana aliyeolewa na mgeni kutoka msituni. Inakatika dakika ya 11, msichana akiwa amefika mtoni, kisha ni mkwaruzo mtupu hadi mwisho. Nilimwomba koko aisimulie tena. Alikataa kwanza, ngano haisimuliwi mchana. Usiku akakubali. Alianza na maneno yaleyale, karibu neno kwa neno, na mimi nikifuata kwenye nukuu yangu ya zamani kwa kalamu. Alipofika mtoni nikaacha kufuata. Msichana hakuvuka. Alipanda juu, akatokea barabarani, akateremka na watu wengine hadi Sake akiwa na chungu kichwani, na yule mgeni hatajwi tena.

Nilimuuliza, koko, mwanzoni si alivuka? Akasema ndivyo ilivyo, ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Faili jipya lina dakika 23. Nimelipa jina lile la zamani, nikaongeza namba 2. Nyuma ya sauti yake hakuna jogoo. Kuna jenereta ya jirani, na karibu na mwisho pikipiki inapita.