Akihabara, mtaa ambako mashine zilizoshindwa zingali na mashabiki

IWAPO siku moja utabahatika kuzuru jiji la Tokyo, mpenzi msomaji, utengee mtaa wa Akihabara alasiri ya Jumapili. Kutoka stesheni kuu ya Tokyo ni vituo viwili tu kwa garimoshi. Saa hizo barabara kuu ya mtaa huo, Chuo-dori, hufungwa magari yasipite, na watu hutembea katikati ya lami kana kwamba wamo uani kwao.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wachuuzi walikuwa wakiuza vipuri vya redio hapa, na mpaka sasa utaona vibanda vyembamba vya nyaya na swichi chini ya reli. Aliyezoea Luthuli Avenue ya Nairobi hatajihisi mgeni sana. Ila sisi leo tunapanda ngazi, kwani orofa za juu ndiko yaliko maduka ya mashine kuukuu za michezo ya video. Linalojulikana zaidi huitwa Super Potato.

Humo utaikuta Famicom ya Nintendo, nyeupe na nyekundu; Mega Drive ya Sega, nyeusi; halafu Saturn, Dreamcast, na PlayStation ya kijivu ya kampuni ya Sony. Wenyewe walipigana kufa na kupona. Leo mashine zao zimekaa duka moja, bega kwa bega.

Vita hivyo vilianza tarehe 15 Julai 1983, siku ambayo Nintendo na Sega zote mbili zilitoa mashine zao za kwanza za kubadilisha kaseti. Famicom iliuzwa yeni 14,800. Baada ya muda mfupi ikaanza aibu: mashine zilikuwa zikikwama katikati ya mchezo kwa sababu ya kipuri kibovu ndani. Nintendo ilizirudisha kiwandani na kuzitengeneza upya. Ungedhani wateja wangehamia kwa Sega, sivyo? Wapi! Mashine hiyo, pamoja na ile iliyopelekwa Marekani na Ulaya kwa jina la NES, iliuzwa karibu milioni 62.

Na hata sisi Wakenya tuna udugu nayo. Zile mashine za kuigiza zilizojaa madukani mwetu miaka ya 1990 zilifuata umbo la Famicom, na kaseti zake ni za kimo kilekile. Ukishika moja hapo dukani, mdomo utataka wenyewe kupuliza vumbi. (Nintendo ilikataza jambo hilo, kwani mate huleta kutu. Nani alisikia?)

Basi usiamini upesi kwamba mashine imara ndiyo inunuliwayo. PlayStation za kwanza, zilizotoka Desemba 1994, zilikuwa na plastiki ndani iliyolika kwa joto, hata wenye nazo wakawa wanazipindua juu chini ndipo zisome diski. Saturn ya Sega, iliyotangulia siku chache tu, haikujulikana kwa ugonjwa huo. Hata hivyo PlayStation iliuzwa zaidi ya milioni 100, na Saturn kama milioni 9. Sababu ni michezo yenyewe. Diski ilikuwa rahisi kutengeneza kuliko kaseti, Sony ikawakaribisha watunzi wengi, na mwaka 1997 Final Fantasy VII ikatoka kwa PlayStation, ilhali zile zilizotangulia zilikuwa za Nintendo.

Sega ilipigana mpaka mwisho. Katika matangazo yake ya runinga ya miaka ya 1997 na 1998 kulikuwa na bwana wa judo, Segata Sanshiro, aliyewatupa chini vijana wasiocheza Saturn! Haikusaidia. Januari 2001 ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza Dreamcast. Mwenyekiti wake, Isao Okawa, aliyekuwa mgonjwa, aliipa kampuni hisa zake zenye thamani ya mamia ya mamilioni ya dola, akafariki Machi mwaka huohuo. Kabla mwaka kwisha, Sonic wa Sega alikuwa akikimbia ndani ya mashine ya Nintendo. Fikiria shabiki aliyegombana na ndugu yake kwa miaka kumi juu ya nani bora! Lakini hata baada ya hapo, wapo watu waliozidi kuitungia Dreamcast michezo mipya kwa mikono yao.

Kuna na kisa cha Xbox 360 ya Microsoft, ambayo taa nyekundu zikiwaka ilikuwa imekufa. Mwaka 2007 kampuni iliongeza dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa matengenezo. Wamarekani waliirudisha, wakaingoja, wakaendelea nayo. Duniani iliuzwa zaidi ya milioni 80. Japani haikufika milioni 2. Kwa maoni yangu Wajapani hawakukimbia taa hizo. Walikuwa tayari wana wenyewe wanaowapenda.

Sasa kabla hujatoa pesa, sikiliza. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 240. PlayStation au Saturn ya huko ukiichomeka moja kwa moja ukutani nyumbani, utasikia harufu kabla ya kuona picha. Nunua transfoma. Ukiona kikapu kimeandikwa "janku", bei itakuchekea, lakini vilivyomo havikupimwa na havirudishwi. Na ikiwa ni zawadi ya mtoto, muulize kabla hujapanda ndege ni ipi hasa anayoitaka. Mtoto wa Nintendo hatakushukuru kwa Sega, hata ukimwambia ilikuwa nafuu.