Kiwanja cha Kange Hakiuzwi

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya mawingu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kama zamani. Kwamba umekubaliwa kusoma shahada ya uzamivu ya sanaa na ubunifu huko Uingereza, nimefurahi mno. Kwamba kaka yangu, baba yako, anataka kuuza kiwanja cha Kange ulipe ada ya mwaka wa kwanza, hapo kalamu niliiweka chini.

Usidhani ni ubahili. Mimi mwenyewe niliuza. Wewe hujazaliwa, nami nikapata nafasi katika chuo kimoja hukohuko, nikauza minazi niliyoachiwa na marehemu bibi yako. Fedha ile ilinifikisha mwaka mmoja na nusu. Nilijiambia nikishafika, nyingine itapatikana. Haikupatikana. Ada ya mgeni ilikuwa juu sana kuliko ya mwenyeji, na kila mfuko niliougonga uliniambia nilipaswa kuomba kabla sijaanza. Msimamizi niliyepewa alikuwa mtu wa vyungu. Vitambaa alivitazama kwa adabu tu. Nikarudi na sanduku la majaribio ya rangi, bila shahada. Walimu wenzangu waliniita "Dokta" kwa utani mpaka nikastaafu. Sikuwahi kucheka.

Kwa hiyo shika hili: barua ya chuo ni ruhusa ya kuingia darasani, fedha ni safari nyingine kabisa. Waandikie uombe kuahirisha hadi mwaka ujao, kisha uanze kuomba ufadhili sasa hivi. Uingereza kuna nafasi za mabaraza ya utafiti ya serikali. Tangu 2021 wageni nao wanaruhusiwa kupata ufadhili kamili, ila hawazidi asilimia 30, kwa hiyo ushindani ni mkali. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, unaolipa ada, nauli na posho, lakini utaulizwa masomo yako yatalifaa nini taifa lako. Wasanii wengi hapo hushikwa na kigugumizi. Wewe una jibu: pamba inalimwa Shinyanga, kanga zinavaliwa kila nyumba, na wabunifu wa viwandani tunao wachache.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, na pale Weimar, mji ilikoanzia Bauhaus mwaka 1919, chuo kikuu kinatoa uzamivu wa sanaa na ubunifu. Usishangilie mapema: mwanafunzi wa kujilipia hutakiwa aonyeshe kwenye maombi ya viza zaidi ya yuro 11,000 za kujikimu kwa mwaka. Sweden ni hadithi nyingine. Kule mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara, na nafasi zinatangazwa kama kazi. Soma matangazo yao kama mtu anayetafuta kazi, maana ndivyo utakavyopimwa. Na usiidharau Kampala. Shule ya sanaa ya Makerere aliianzisha Margaret Trowell mwaka 1937, na Sam Ntiro na Elimo Njau wetu wa Kilimanjaro walipita pale. Wewe ni mwajiriwa wa chuo. Mwajiri akikupa ruhusa ya masomo yenye mshahara, Kampala inaweza kukutosha. Soma tu vizuri mkataba wa kurudi kazini kabla ya kutia sahihi. Yeyote atakayekuomba "hela ya kushughulikia" ufadhili, mpe mgongo.

Sasa nikuudhi kidogo. Andiko lako, "Kanga na utambulisho wa Mswahili", halina swali. Hicho ni kichwa cha hotuba ya mgeni rasmi. Tandika kanga moja mezani. Ina pindo, ina mji, ina jina, yaani maneno yake. Jina zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini, na bado linakaa palepale, chini ya mji, juu ya pindo. Maneno yakiwa marefu kuliko nafasi ile, mchoraji hufanyaje? Ninayo kanga ya bibi yako ambayo herufi za mwisho zimebanwa hadi M na A zimekumbatiana, na neno la kwanza limekaa kwa nafasi kama mwenye nyumba. Nani aliamua vile, na msomaji anapoteza nini? Hilo ni swali, na unaweza kulijibu kwa kuchora na kuchapa mwenyewe.

Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alitenganisha utafiti juu ya sanaa, utafiti kwa njia ya sanaa, na utafiti kwa ajili ya sanaa. Wasomi wanabishana naye mpaka leo. Swali lako mimi naliona kwenye kundi lile la pili, ambako kazi ya mikono huhukumiwa pamoja na maandishi. Basi kwenye bajeti andika fremu, wino, majora ya kitambaa na onyesho la mwisho. Posho ni ya chakula na kodi. Usipoyaandika hayo mapema, utachapa majaribio yako kwa kufunga.

Msimamizi mtafute mwenyewe, kabla ya chuo. Mwandikie barua fupi, mtumie picha tatu za kazi zako, zisizidi. Muulize amewafikisha wanafunzi wangapi mwisho, na kama anajua uchapaji wa vitambaa. Asipojibu la pili, mshukuru uendelee mbele.

Niletee ukurasa mmoja wa swali hilo kabla ya Idi. Kanga ya bibi yako nitaitoa sandukuni ukija, uipime kwa rula. Na baba yako nimeshaongea naye jana usiku. Kiwanja hakiuzwi.

Shangazi yako