Likirimba, sanduku na simu

Katika kartie yetu ya Rwambuzi, mama akisema "juma hili mimi njo nakula", hakuna anayefikiri habari ya ugali. Wote wanajua kwamba zamu yake ya likirimba imefika, na jioni ile feza ya wenzake yote itafungwa katika kitambaa chake. Wazee wetu walifanya hivyo kwa jembe mbele ya kufanya kwa makuta: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na yule asiyeenda kwa mwenzake alibaki peke yake na majani.

Lakini likirimba ina shida yake: ugonjwa haungojei zamu. Ndiyo maana vikundi vya AVEC vimeenea sana kwetu. Njia hiyo ilianza Niger mwaka 1991, kati ya wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE. Kuna sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu; funguo zinakaa kwa watu watatu, sanduku kwa mtu wa nne. Kila mkutano unaweka hisa, na ukikopa, kwa kawaida hupati zaidi ya mara tatu ya akiba yako. Hakuna anayeomba karatasi ya parsele. Dhamana ni macho ya watu: walikuona kwenye matanga, wanajua ulivyolipa mwaka uliopita, wanajua mtoto wako amelazwa. Ukichelewa, swali la kwanza ni "Mama, kuna nini kwako?"

Sisi walimu, tangu mishahara ya serikali ilipoanza kupitishwa banki, angalau jina letu linajulikana pale. Mama anayeuza samaki ya Kasenyi anashika feza nyingi kuliko mwalimu (tuseme ukweli, hata kama inatuuma), lakini banki haimjui. Akipungukiwa mtaji anaenda kwa wale tunaowaita Banque Lambert, na faida yao inaweza kula nusu ya mkopo kwa mwezi mmoja.

Mwaka 2012 M-Pesa iliingia Kongo. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule, kule Kenya, Safaricom na banki CBA walianzisha M-Shwari: mtu asiyewahi kukanyaga banki anaweka akiba na kukopa kwa simu yake. Mashini inaangalia namna unavyotumia laini yako, unavyonunua unite, unavyotuma na kupokea feza, na inajibu palepale. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa shilingi 1,000 unarudisha 1,075. Ukilinganisha na Banque Lambert, huo ni ukombozi, na hatuoni sababu ya kuudharau.

Shida ilikuja na wengine waliofuata, wenye programu ndogondogo za kukopesha. Baadhi zilichota majina yote yaliyo katika simu ya mdeni. Akichelewa siku chache, wanapigia mkuu wake wa kazi, wanapigia hata mama mkwe. Mwaka 2022 Banki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni: mkopeshaji wa namna hiyo awe na ruhusa, na kumuaibisha mdeni mbele ya jamaa zake kukakatazwa. Kwetu pia deni lina aibu, tena kali. Ila inabaki kati ya watu walioweka feza yao pamoja na wewe, na watu hao wanaweza kukuongezea siku.

Hata hivyo tusisifu kikundi kupita kiasi. Tangu vita vya 1999 Ituri imejaa watu waliokimbia vijiji vyao, na wengi wamefikia hapa Bunia. Mwanamke kama huyo akiomba kuingia AVEC, swali ni moja: "Nani anamujua?" Na tusijifiche, mara nyingine nyuma ya swali hilo kuna lingine, la kabila. Simu haiulizi kabila. Hapo inatushinda, na inafaa tukubali. Lakini simu nayo inataka laini iliyotumika muda mrefu, iliyoandikwa kwa jina lako, na yeye alipoteza simu njiani, kadi ya uchaguzi iliungua na nyumba, na laini anayotumia leo ni ya jina la shemeji yake. Hivi kikundi hakimujui, na mashini haimujui.

Kule Tanzania, mwaka 2019, Vodacom na banki TPB walianzisha M-Koba: feza ya kikundi inakaa kwenye simu, na haitoki mpaka wenzako waliochaguliwa wakubali, kila mmoja kwa simu yake. Ni kufuli tatu zilezile. Katika kikundi chetu wengi walipenda wazo hilo, juu sanduku la chuma ni zito kwa mtu anayekimbia usiku.

Habari ya yule mama mugeni ilichukua mikutano mitatu. Mwishowe mama wawili, ambao hawakuwa wa kabila lake, walisimama na kusema watalipa wao akishindwa. Alianza kwa hisa moja kwa juma. Mkopo wake wa kwanza ulinunua gunia mbili za makala, na aliurudisha mbele ya siku yake, makuta mkononi, juu laini ilikuwa ingali kwa jina la shemeji.