Gasheti na mkono wa muwindaji

Katika kurasa za namna hii ndugu zetu wanapenda kuandika juu ya ngoma, mahari na matanga, na wanaandika vizuri. Sisi tumechagua kitu kidogo sana, kinachotoshea kidole kimoja: gasheti ya bunduki ya kuwinda, ile ambayo vitabu vya Kiswahili vinaiita kifyatulio. Msomaji asicheke. Kwetu Musumba, kwenye makao ya Mwant Yav, mambo mengi ya Walunda yanaanza na muwindaji, na siku hizi muwindaji anaanza na gasheti.

Wazee wanasimulia kwamba Ruwej hakurithi ufalme kwa sababu ndugu zake walikosa nguvu. Kinguri na Chinyama walikuwa na nguvu mingi. Walimkuta baba yao anasuka mkeka, karibu naye chungu cha maji ya kulowanishia nyuzi. Wao, wakiwa wamelewa, wakafikiri ni pombe anawanyima, wakampiga. Kwa sababu ya mikono ile ya haraka, mzee akamuachia binti yake lukano, kikuku cha ufalme. Baadaye akafika Cibind Yirung kutoka kwa Waluba (wengine wanaandika Chibinda Ilunga). Alikuwa muwindaji mpole aliyejua kungojea nyama na kuigawa, na Ruwej akamvika lukano. Kinguri akakasirika, akaondoka kuelekea magharibi. Sisi tuliosikia habari hii tukiwa watoto tunaifahamu hivi: mkono wa haraka ulipoteza ufalme, na mkono unaongojea ukaupata.

Cibind Yirung hakuwa na bunduki. Aliwinda kwa upinde na mishale. Lakini ukitazama sanamu zake walizochonga ndugu zetu Wachokwe katika karne ya 19, ambazo nyingi ziko leo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, utaona baadhi yake zinashika bunduki ya gumegume. Wachongaji hawakudanganya. Katika siku zao, muwindaji mkubwa alikuwa mtu wa bunduki, na wao wakampa babu silaha ya wajukuu. Basi anayesema kwamba kubadilisha silaha ni kuharibu desturi, aende kwanza kuwauliza wachongaji wale.

Bunduki zilitufikia kutoka magharibi, kwa njia ya wafanyabiashara wa Angola. Mjerumani Paul Pogge alipofika Musumba mwaka 1875, bunduki zilikuwa zinajulikana tayari. Katika miaka ya 1880 Wachokwe, waliokuwa wamezoea kuwinda tembo kwa bunduki, walikuja na silaha zilezile kuuvunja mji wenyewe. Baadaye mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, na mkataba wao wa 1890 ukakataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini. Kitu kilichoruhusiwa kuuzwa kwa masharti ni gumegume na baruti ya kawaida. Kumbe Ulaya ilikuwa imeacha gumegume zamani: mchungaji Alexander Forsyth wa Scotland alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1807, na kutoka kwake ikazaliwa bunduki ya fataki. Wawindaji wengi wa Afrika walibaki na jiwe na chuma. Kama walitaka kitu bora, ilibidi wakitafute kwa mikono ya mafundi wao wenyewe.

Na mafundi walikitafuta. Walikuwa wahunzi tangu zamani, watu wa shoka, jembe na mishale. Wengine walikwenda kufanya kazi huko chini, katika karakana za migodi ya Kolwezi na Likasi, wakarudi na tupa nzuri na macho yaliyozoea vipimo. Waligeuza gumegume kuwa za fataki. Wenye uwezo walinunua kalibre 12 yenye mtutu mmoja, kama Baikal ya kule Izhevsk, Urusi. Wengine wote walibaki na pupu, bunduki ya kienyeji ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu. Hiyo ni risasi moja tu. Ukikosa, mnyama hakungojei ushindilie tena.

Ndiyo maana vijana walikuwa wanamfuata muzee mmoja, fundi wa kijiji chetu, na ombi lilelile: "Muzee, unitengenezeeko gasheti. Iko nguvu sana, mi napitishaka nyama." Tulikaa mara nyingi kwenye kibanda chake, tukamuona anavyofanya kazi, na inafaa tueleze, kwa sababu hapa ndipo shida yenyewe ilipo.

Ndani ya bunduki ya fataki kuna nyundo, resori na jino. Ukivuta nyundo nyuma, resori inajikaza, na jino linaingia katika pengo dogo, linaizuia nyundo isirudi. Gasheti ina kazi moja: kulitoa jino katika pengo. Chuma kikiwa na makwaruzo na pengo likiwa refu, kidole kinavuta kwa nguvu, mtutu unahama kidogo, na risasi inakwenda kwenye tumbo badala ya bega. Mnyama anakimbia na maumivu yake, anafia mbali, fisi wanakula. Kwa wawindaji wetu hiyo ni aibu kubwa kuliko kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo kijana anayeomba gasheti nyepesi haombi kitu kibaya. Anaomba kuua safi.

Lakini pengo likisuguliwa kupita kiasi, jino linashika kwa ukingo tu. Hapo kidole hakina kazi tena. Tawi linatosha. Tulimjua kijana mmoja aliyepeleka bunduki yake kwa fundi mwingine, wa mbali, akairudisha nyepesi kama unyoya, na akajisifu nayo. Msimu wa kiangazi, wakati wa kuchoma majani, walikuwa wanapanda ukingo wa mto wakiwa watatu, mmoja nyuma ya mwingine. Kamba ya mwituni ikashika gasheti. Mdogo wake alikuwa mbele. Hakufa, tunashukuru Mungu, lakini mpaka leo anatembea na fimbo, na ndugu wawili hawa hawajakaa tena kwenye moto mmoja.

Muzee wetu alipoelezwa habari ile hakumtukana mtu. Alisema tu: "Gasheti kama iko nyepesi sana, hapana wewe njo unapiga. Ni bunduki njo inapiga, wewe unabebaka tu."

Yeye alikuwa na njia yake. Pengo hakulipunguza. Alilainisha uso wa jino na uso wa pengo mpaka vyuma viteleze bila kukwaruza. Gasheti yenyewe aliirefusha na kuipanua kidogo, ili kidole kipate nguvu bila kuvuta kwa hasira. Pengo la pili, lile la ndani ambalo nyundo inalala wakati wa kubeba, aliliacha refu kabisa. Mwisho alikunja kipande cha chuma kuwa pete ya kuizunguka gasheti, ili kamba na majani visiiguse. Pupu nyingi hazikuwa nayo. Bunduki iliyotoka kwake ilitii kidole, na kitu kingine chochote hakikuweza kuiamuru.

Sisi tunaona hekima yote ya uwindaji wa kwetu katika kazi ile. Victor Turner, aliyeishi kati ya Walunda-Ndembu wa Mwinilunga, Zambia, katika miaka ya 1950, aliandika kwamba wawindaji wa bunduki walikuwa na chama chao, Wuyang'a, tofauti na cha wawindaji wa upinde, Wubinda. Maana yake babu zetu hawakupokea bunduki kama chombo kitupu. Waliizungushia miiko, mafundisho na sheria ya kugawa nyama, kama vile muzee alivyoizungushia gasheti pete ya chuma. Kipya kiliingia, lakini hakikuingia peke yake.

Leo tunaogopa kwamba kinaingia peke yake. Kijana anaweza kupata bunduki bila mwalimu, na nyama inapanda gari kwenda Kolwezi kabla shangazi zake hawajaonja. Sheria ya uwindaji ya 1982 na ile ya silaha ya 1985 ziliweka utaratibu wa vibali, na tunawaomba vijana wasizichukue kama maneno ya mjini tu. Hata hivyo kibali hakifundishi kidole. Kidole kinafundishwa na mtu.

Basi tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mafundi wetu wakubali kutengeneza gasheti iwe nzuri, wasimfukuze kijana kwa kusema "zamani ilitosha", maana haikutosha. Lakini kila bunduki irudi kwa mwenyewe ikiwa na pengo lake kamili na pete yake. Pili, ushirika wetu uwakalishe wazee hawa na kuandika maneno yao katika Uruund: jina la kila kipande, na mwiko unaokwenda nacho. Muzee tuliyemtaja amekwisha kufariki, na vipande vingine tulivyovieleza hapa kwa Kiswahili, jina lake la Kiruund alilijua yeye. Wenzake wachache bado wako. Tuwaendee mwaka huu.